Nakala ya Nyumba

Mama Kopi hakuwa na shaka hata chembe kwamba karatasi nzuri hujulikana kwa kupigwa kopi. Karatasi ikiletwa dukani mara moja ikaondoka moja kwa moja, hiyo ni takataka, hata kama imeandikwa na profesa mwenye ndevu mpaka kifuani. Lakini karatasi ikiletwa asubuhi na msichana wa kidato cha mwisho, mchana ikaletwa na mvulana wa darasa jingine, jioni ikarudi imekunjamana na ina duara la kikombe cha chai, basi hiyo ndiyo elimu yenyewe. Hakuwa na haja ya kuisoma. Na tuseme ukweli, asingeweza kuisoma, maana karatasi zenyewe zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha dukani: kurasa ngapi, pande mbili au moja, wino umeisha, njoo kesho. Kilichobaki kilimpita juu kwa juu, naye wala hakukionea haya.

Duka lilitazamana na geti la shule ya sekondari. Lilikuwa chumba kimoja chembamba chenye kaunta ya mbao, stuli moja, marimu ya karatasi yaliyopangwa ukutani, na mashine kubwa ya kopi ambayo wanafunzi waliiita Babu kwa jinsi ilivyokohoa kabla ya kuanza kazi. Babu hafanyi kitu mpaka apigwe kofi ubavu wa kushoto. Halikuwa kofi la hasira, lilikuwa kofi la watu waliozoeana. Mama Kopi alilipiga huku anaongea na mteja mwingine, wala hageuzi shingo.

Sasa, kila biashara ina kajitabia kake ambako hakaandikwi kwenye bango la mlangoni. Kajitabia ka duka hili kalikuwa hivi: mwanafunzi akileta karatasi za mtihani wa Kiingereza akasema apigiwe kopi nne, Babu alitoa tano. Ile ya tano iliteleza chini ya kaunta kimyakimya. Mama Kopi aliiita nakala ya nyumba. Wanafunzi walijua, walimu walijua, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kila mtu alijua inakwenda kwa nani.

Ilikwenda kwa Kimya, binti yake wa pekee. Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa jingine, lakini hilo la Kimya lilimganda tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kutazama kwanza na kusema baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haikufika. Mwaka uliopita alifanya mtihani wa mwisho wa sekondari, akafaulu masomo yote isipokuwa Kiingereza. Na Kiingereza ndicho chuo kilichokuwa kinakitaka ili aingie kusomea sheria. Chuo kilikubali kumshikia nafasi yake mwaka mmoja, arudie somo hilo tu. Akianguka tena, nafasi inakwenda kwa mwingine na hadithi inaishia hapo.

Ubaya ni kwamba Mama Kopi alikuwa ameshatangaza zamani. Alimwambia mwenye duka la viatu, alimwambia dereva wa taka, aliwaambia wateja waliokuja kupiga kopi vyeti vya kuzaliwa: binti yangu anakuwa mwanasheria.

"Mwanasheria anayeitwa Kimya?" walimtania. "Mahakamani atasema nini?"

"Hasemi. Anawanyamazisha ninyi," aliwajibu.

Lakini usiku wa matokeo alikuwa amelia, na tangu hapo alikuwa na jibu lake kuhusu kilichomwangusha mtoto. Mwaka mzima ule alimwona Kimya ameinama juu ya madaftari yake, anaandika. Hanakili kitu, anaandika mwenyewe. Kila somo aliligeuza kwa maneno yake, akalitilia mifano yake na vihadithi vyake: kuna cha muuza mkaa aliyebishana na paka, kuna cha bibi harusi aliyesahau viatu. Mama Kopi alimwomba amweleze vinahusu nini, akaelezwa, akashika kiuno.

"Mtihani wa serikali unahusiana nini na paka?" alimuuliza. "Nani kakuomba maneno yako? Maneno yapo, watu wameshayaandika, yanapigwa kopi kila siku pale dukani. Wewe unajitia kupika wakati chakula kipo mezani!"

Kwa hiyo mwaka huu wa kurudia, alikata shauri. Hakuna madaftari. Kimya atasoma vilivyochaguliwa, na mchaguzi ni yeye. Nakala za nyumba zilipanda kwenye meza ya chumbani, zikajaa chini ya kitanda, zikasogea dirishani. Pastipepa, ile mitihani ya miaka iliyopita, insha za mfano, vitini vya masomo vya shule za mjini ambazo ada zake tu zinatosha kumtia mtu homa. Nafasi ilipokwisha, Mama Kopi alifagia rafu nzima ya madaftari ya Kimya, akayatia kwenye gunia la makaratasi mabovu, akaliweka nje ya mlango wa duka, mahali ambapo yeyote anayetaka karatasi za kufungia vitu hujichukulia.

Kimya alirudi nyumbani akaikuta rafu tupu.

"Mama, madaftari yangu?"

"Yamekwenda na maji. Shukuru."

Msichana alikunja mikono ya gauni. Akaenda kuosha vyombo, na siku hiyo sufuria ziligongana kuliko kawaida.

Mambo yakaenda hivyo miezi kadhaa, mpaka Mama Kopi alipoanza kuhisi kitu. Wanafunzi wa Kiingereza walikuwa wamepungua. Wa hesabu walikuja, wa historia walikuja, lakini wa Kiingereza walitoka getini, wakapita mbele ya kaunta yake macho mbele kama hawamjui, wakavuka barabara. Na ng'ambo ya barabara, jamani, kulikuwa na Lamineti.

Lamineti alikuwa na kompyuta, printa, na mashine ya kupakia plastiki juu ya karatasi. Hiyo mashine ndiyo iliyomtia wazimu. Alilaminisha vyeti, picha, orodha ya bei, na barua ambayo mkewe alimwandikia kumwomba radhi. Hiyo aliitundika ukutani ili mkewe akija asije akakana. Yeye na Mama Kopi hawakuwa wakizungumza tangu siku aliyobandika tangazo mlangoni pake: KOPI SAFI, HAZINA KIKOHOZI. Mama Kopi alilisoma, akarudi ndani, akampapasa Babu ubavu, akaapa hatavuka ile barabara.

Jioni moja aliona kwamba kila mwanafunzi anayerudi kutoka ng'ambo amekumbatia makaratasi mekundu. Akamwita msichana mmoja.

"Njoo hapa, mwanangu. Hiyo ni nini?"

"Kitini Chekundu, Mama. Cha Kiingereza."

"Lete basi nikupigie kopi moja ya bure. Ukipoteza hicho, una kingine."

Msichana alitabasamu tabasamu la mtu anayejua mwisho wa mchezo, akampa. Mama Kopi akakilaza juu ya kioo, akampiga Babu kofi, Babu akakohoa, akatoa karatasi nyeusi tii kama chini ya sufuria. Akapunguza wino. Nyeusi. Akampiga Babu makofi mawili ambayo hakuyastahili. Nyeusi.

"Haikopiki," msichana alisema kwa upole. "Ndiyo maana amekichapa kwenye karatasi nyekundu. Nyekundu kwenye mashine inageuka nyeusi."

"Ala! Mtu mzima na akili zake anachapa kitu kisichokopika! Sasa kina faida gani?"

"Kinaeleweka, Mama. Mimi nimesoma ukurasa mmoja nikaelewa kitu kilichonishinda mwaka mzima. Wote tunacho. Hata mwalimu wetu anacho, anakificha ndani ya gazeti."

Moyo wa Mama Kopi ulikosa raha kabisa. Kwa kipimo chake cha siku zote, kitu bora ni kile kinachotafutwa na watu wote, na hiki kilikuwa kinatafutwa na watu wote na yeye hana nakala. Nafasi ya mwanawe chuoni iko hatarini, naye amekaa na milima ya makaratasi ambayo wenzake wameshaachana nayo. Alivua aproni. Akapiga moyo konde. Akavuka.

"Haa!" Lamineti alisimama kabisa. "Jirani! Babu amezidiwa?"

"Babu mzima kuliko wewe. Nataka kitini."

"Ninavyo vingi. Kipi hasa?"

"Unakijua."

"Sikijui, Mama. Ningekijuaje na wewe hujakitaja?"

"Chekundu," alisema, na neno hilo lilimtoka kwa shida kama jino.

Lamineti alilifurahia kwanza. Akamalizia kulaminisha kitambulisho cha mtu, akakipepea kipoe, akakitazama kwenye mwanga, ndipo akavuta kitini kutoka kwenye droo. "Nikupakie plastiki jalada lake? Kwa ajili ya ujirani tu."

"Upakie ulimi wako. Nani amekiandika?"

"Mtaalamu mmoja. Hapendi kujulikana."

"Mtaalamu wa wapi? Wa chuo?"

"Mama, umekuja kutafuta kitini au umekuja kuposa?"

Alirudi dukani mashavu yanamwaka, lakini kitini anacho. Kimya alikuwa amekaa kwenye stuli anapanga karatasi.

"Shika," Mama Kopi alimwambia. "Uone mtu anayejua anavyoandika."

Kimya alifunua ukurasa wa kwanza. Akasoma mistari michache, akasimama hapo. Akaruka mpaka katikati, akarudi nyuma, akaenda mwisho.

"Huyu wa ng'ambo alikipata wapi?" hatimaye aliuliza.

"Kwa mtaalamu. Hapendi kujulikana."

"Aisee," Kimya alisema polepole. "Nadhani kweli hapendi."

"Sasa umeona tofauti? Watoto wote wanasema huyu anaeleza, mtu anaelewa. Si wewe na paka wako na muuza mkaa wako."

"Na humu yumo muuza mkaa, Mama. Ukurasa wa tano. Na paka yumo."

Mama Kopi alisita kidogo tu. "Basi huyo ni wa kitaalamu," akasema.

Kuanzia siku hiyo, kila jioni kabla ya kufunga duka, alimkalisha Kimya kwenye stuli karibu na Babu na kumsikiliza. Alishika kitini mwenyewe, akifuata mistari kwa kidole, na kwa kuwa hakielewi, alihakikisha walau kwamba maneno ya Kimya yana urefu sawa na yale yaliyoandikwa. Kimya alijibu bila kuchungulia. Hababaiki. Wakati mwingine alimaliza sentensi kabla kidole hakijafika.

"Angalia!" Mama Kopi alimwambia mteja aliyekuja kupiga kopi hati ya kiwanja. "Mwaka jana kwenye neno hili angekodoa macho tu. Leo linamtoka lenyewe. Huyo mtaalamu Mungu amweke."

Mteja alisema amina, kwa kuwa alikuwa anataka hati yake. Kimya akainamisha kichwa, na masikio yake yakawa mekundu kama kitini.

Siku moja Mama Kopi alimfumania na kalamu. Alikuwa amekata mstari mzima kwenye kitini na anaandika mwingine juu yake.

"Weee! Unafanya nini?"

"Amekosea hapa."

"Amekosea! Sikieni jamani! Aliyefeli anamsahihisha mtaalamu!"

"Alikuwa na usingizi alipoandika hii. Inaonekana."

"We ulimwona?"

Basi Kimya akacheka. Si kile kicheko cha puani, alicheka mpaka akashika kaunta. Mama yake hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu siku ya matokeo, akajikuta naye anacheka bila kujua kinachochekwa.

"Umeona?" alisema akijifuta macho. "Kitini kimekurudishia roho yako."

"Mama," Kimya alisema alipotulia, "unafikiri huyo mtaalamu ni mtu wa namna gani?"

Mama Kopi hakuhitaji kufikiri, alishamchora siku nyingi. Ni mtu mzima, alisema, mwenye miwani. Anavaa tai hata akiwa nyumbani. Mpole, hafokei watu, maana anayefoka hawezi kueleza jambo likaeleweka namna ile. Na bila shaka alilelewa na mama aliyejua thamani ya elimu.

"Bila shaka," Kimya alisema.

"Kwa nini unaniuliza?"

"Napenda tu unavyomsema. Endelea."

Mtihani ulipokaribia, Mama Kopi akapata wazo ambalo alishangaa kwa nini hakulipata mapema. Kama kitini cha mtaalamu kinafanya haya, mtaalamu mwenyewe si atafanya makubwa zaidi? Aje akae na Kimya jioni chache tu. Atampa stuli, yeye atakaa juu ya rimu. Hakumwambia binti yake. Alivuka barabara mara ya pili, safari hii kichwa chini, kwa sababu alikuwa anakwenda kuomba.

"Nitajie mtu wako," alimwambia Lamineti. "Sitamwambia yeyote. Na nitaacha kuwaambia watu kwamba plastiki yako inaozesha vyeti."

"Kumbe ni wewe unayesema hivyo!"

"Nani mwingine? Nitajie, ndugu yangu. Binti yangu ana nafasi moja tu imebaki."

Lilipotoka hilo la ndugu yangu, Lamineti aliacha kutania. Alijikuna kisogo. Akatazama ile barua ya mkewe ukutani kama inayoweza kumsaidia.

"Mama, nitakwambia, lakini usinipigie kelele. Mtu simjui. Vitu vyenyewe nilivikuta kwenye gunia. Nilikuwa natafuta karatasi za kufungia vioo vya picha. Binti anayenichapia kazi akaanza kusoma, akaacha kadi za harusi za watu, siku nzima anasoma na kucheka. Nikamwambia basi vichape."

"Gunia la nani?"

"Lako. Pale mlangoni kwako. Nilidhani ni vya mteja fulani, vimesahaulika."

Akainama chini ya meza, akatoa furushi la madaftari. Mama Kopi aliyatambua kabla hata hayajafika mezani. Yalikuwa na majalada ya kalenda ya zamani yenye picha za maporomoko ya maji, na aliyeikata ile kalenda ni yeye, na mkanda wa gundi ulioshika kingo ulitoka kwenye kaunta yake, umepinda upande mmoja kwa sababu yeye hukata mkanda kwa meno. Alifunua la juu. Mwandiko mdogo, umelala kushoto. Katikati ya ukurasa kulikuwa na paka wa kuchorwa kwa kalamu, amekaa juu ya gunia la mkaa, amekunja uso.

Alijisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni, na fahari ikimshuka kutoka kichwani, vikakutana katikati. Alitaka kucheka. Alitaka kumpiga mtu, na mtu pekee aliyestahili kupigwa alikuwa yeye mwenyewe.

"Vya nani?" Lamineti aliuliza.

"Vya Kimya."

"Huyu Kimya wako? Ambaye hata salamu anaitikia kwa nyusi?" Akapiga mluzi. Kisha akayakusanya madaftari, akayapanguza vumbi kwa mkono wa shati lake. "Chukua, Mama. Nikupakie plastiki?"

Na safari hii hakuwa anatania. Mama Kopi nusura akubali.

Aliporudi, Kimya alikuwa kwenye kaunta anamhudumia mvulana mmoja aliyeleta ramani. Mama yake aliweka furushi la madaftari juu ya kifuniko cha Babu. Kimya aliyaona, mkono wake ukabaki hewani, hajampiga Babu kofi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema ni changu! Miezi yote hii nakusomesha maneno yako mwenyewe, nakufokea usiyasahihishe, nimekuambia una akili za paka, na wewe umenyamaza tu!"

"Ulikuwa unamsifu," Kimya alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini safari hii haikuishia njiani. "Kila jioni ulikuwa unamsifu. Nilijua nikisema ni mimi, utaacha."

Mvulana wa ramani akaanza kutazama dari. Mama Kopi alivuta rimu moja, akakaa juu yake.

"Sasa kama unajua hivi," alisema, "mwaka jana ulianguka vipi?"

Kimya aliangalia mikono yake. Ilionekana kwamba hilo nalo lilikuwa limekaa mdomoni siku nyingi.

"Wiki ya mtihani uliniletea insha. Ile iliyopigwa kopi kuliko zote."

Aliikumbuka. Angeisahau vipi? Ilikuwa inahusu faida za usafiri wa reli. Ilirudi dukani mara nyingi kiasi kwamba Babu aliitoa karibu bila kofi. Alimwapia Kimya kwamba ndiyo yenyewe, akamtaka aikariri yote, asidondoshe hata neno.

"Niliikariri. Tulipofika kwenye mtihani, swali likasema mweleze mtu unayemjua vizuri."

"Na wewe ukaandika nini?"

"Reli."

"Kimya!"

"Niliogopa, Mama. Ulisema watu wote wanayo. Nikafikiri nikiandika changu nitakuwa peke yangu." Akasogeza ramani ya mvulana pembeni. "Nusu ya darasa waliandika reli."

Mvulana wa ramani, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema kwa huzuni, "Kaka yangu pia aliandika reli. Naye anarudia."

Basi Mama Kopi akaona jambo zima, kutoka geti mpaka ng'ambo ya barabara. Watoto waliokuwa wakipita mbele ya kaunta yake macho mbele, wengine walikuwa wanaorudia, wale wale aliowapandisha garimoshi mwaka jana, yeye na Babu wake, tena kwa roho safi, nakala safi, pande mbili. Kilichokuja kuwaokoa alikitupa mwenyewe kwenye gunia. Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimekukosea. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa napiga kopi."

Kimya akatoka nyuma ya kaunta, akaja akakaa naye juu ya rimu, wakabanana hapo.

"Niambie sasa nikuletee nini," Mama Kopi alisema akivuta kamasi. "Chochote. Nitavuka hata kwa yule wa plastiki, nitamwamkia shikamoo. Unataka kusoma nini?"

Kimya alifikiri. Alitazama kuta zilizojaa, na mlima wa nakala za nyumba uliokuwa umeanza kujilundika upya chini ya kaunta.

"Sitaki kusoma," alisema. "Nipe karatasi tupu."

Lilikuwa ombi la ajabu katika duka lile, ambamo karatasi tupu ilikuwa tu karatasi ambayo Babu bado hajaifikia. Mama Kopi aliinuka, akachana rimu aliyokuwa ameikalia, akampa binti yake bunda zima. Mvulana akakumbusha kuhusu ramani yake.

"Babu anapumzika, mwanangu. Njoo kesho." Kisha akamgeukia Kimya, na mazoea yakamponyoka: "Pande mbili au moja?"

Wakacheka wote wawili, na mvulana akacheka, akaondoka na ramani yake.

Kimya alisogeza stuli mpaka kwenye kaunta, akajaribu kalamu kwenye kiganja.

"Unaandika nini?" mama yake aliuliza.

"Lile swali la mwaka jana. Mtu ninayemjua vizuri."

"Mtu gani?"

Kimya alimtazama, uso na mikono, na aproni iliyotiwa madoa ya wino. "Kaa hapo hapo," alisema. "Usitikisike sana."

Basi Mama Kopi, ambaye tangu afungue duka lile hakuwa amekaa bure hata dakika, akakaa. Alinyoosha aproni. Nje wanafunzi walipita na makaratasi yao mekundu, mmoja akagonga kaunta, hakujibiwa. Kalamu iliendelea kukwaruza, na kila alipotaka kuuliza imefika wapi, alimeza swali lake.

"Ukimaliza, nitaiona tu," alisema mwishowe. "Nakuahidi sitaipiga kopi."

"Piga moja," Kimya alisema bila kuinua kichwa. "Ya nyumba."